Mchungaji: Mbele ya Kundi au Nyuma Yake?



Swali la ukurasa huu ni la zamani, lakini linarudi kila siku katika nyumba zetu, katika parokia zetu na katika nchi yetu. Kiongozi wa kweli hutembea wapi? Je, hutangulia mbele na watu wakamfuata? Au hukaa nyuma, akawaacha watu watembee, yeye akilinda tu asipotee hata mmoja? Tena, je, kiongozi ana haki ya kuamua jambo zito bila kuwauliza wale anaowaongoza? Akifanya hivyo, tutamwita shujaa au tutamwita dikteta?

Tunauliza kwa sababu tumekwisha kuumizwa na viongozi wa namna mbili. Wa kwanza hutangulia peke yake, hamsikilizi mtu, na mwisho wa safari anageuka na kuona kwamba nyuma yake hakuna kundi. Wa pili, katika kila jambo, husema, "Watu ndio waliopenda hivyo," na siku ya hatari hujificha nyuma ya watu wale wale. Wa kwanza ana kiburi, wa pili ana woga, nao wote wawili hukaa kwenye kiti cha mbele na kuitwa viongozi.

Ili tusiseme maneno matupu, tumchukue mtu mmoja ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina, tuyatazame matendo yake moja moja. Mtu huyo ni Nelson Mandela wa Afrika Kusini, aliyezaliwa tarehe 18 Julai 1918 na kufariki tarehe 5 Desemba 2013. Hakuwa nabii, wala hatumweki mahali pa nabii. Alikuwa mwanasiasa, mwenye nguvu zake na udhaifu wake. Lakini sisi tulio watoto wa Papa Simon Kimbangu tunajua gereza la mkoloni lilivyo. Papa alikaa gerezani miaka 30, tangu mwaka wa 1921 hadi tarehe 12 Oktoba 1951, alipofariki mjini Lubumbashi, wakati ule ukiitwa Elisabethville. Mandela alikaa miaka 27. Basi mtu aliyepita njia kama hiyo, na akatoka bila kutafuta kisasi, anastahili tumsikilize.

ALIVYOJIFUNZA KUSIKILIZA

Mandela alipokuwa mtoto kule Qunu alichunga kondoo na ndama. Baba yake alipofariki, alipelekwa Mqhekezweni, kwenye nyumba ya Jongintaba Dalindyebo, aliyekuwa akishika utawala wa kabila la Wathembu kwa niaba ya mrithi aliyekuwa bado mtoto. Hapo ndipo alipoona kazi ya shefu kwa macho yake. Watu walikutana mbele ya nyumba kubwa, na kila mwanamume aliyetaka kusema alisema, awe tajiri au maskini, awe mwenye hekima au mwenye maneno mengi tu. Walimlaumu shefu mbele ya uso wake. Yeye alikaa kimya siku nzima, akisikiliza bila kujitetea. Jua lilipokaribia kuzama ndipo alipofungua kinywa, akakusanya maneno ya wote na kutafuta pale wanapoweza kupatana. Wasipopatana, waliitana tena siku nyingine. Wengi hawakuruhusiwa kuwakanyaga wachache.

Tusisifu kupita kiasi. Katika mikutano ile wanawake hawakuwa na sauti, na Mandela mwenyewe aliliona hilo baadaye na kulisema. Lakini kijana yule alitoka na somo moja: kiongozi ni kama mchungaji anayekaa nyuma ya kundi. Huwaacha wale wepesi watangulie, wengine wawafuate, na hawajui kwamba muda wote huo kuna mtu nyuma anayewaongoza.

Sisi wana wa Kongo tunalijua jambo hili. Mababu zetu walikaa chini ya mti wakaongea hadi neno likaiva. Hata Musa, mtumishi wa Mungu, alikubali shauri la Yethro mkwe wake, kama tunavyosoma katika Kutoka sura ya 18, akagawa kazi ya kuhukumu watu kwa wengine. Kusikiliza hakumpunguzii kiongozi heshima.

Lakini hapa ndipo ugumu unapoanza. Katika Injili ya Yohana, sura ya 10, Bwana wetu anafundisha kwamba mchungaji mwema hutembea mbele, na kondoo humjua kwa sauti yake. Sasa tufanyeje? Babu zetu wanamweka nyuma, na Bwana anamweka mbele. Je, mafundisho haya mawili yanagombana? Mambo yaliyotokea mwaka wa 1985 yatatusaidia kujibu.

MWAKA WA MILANGO MIWILI

Mwezi wa Januari 1985, rais wa Makaburu, P. W. Botha, alitangaza kwamba yuko tayari kumfungua Mandela, kwa sharti akatae kwanza matumizi ya nguvu katika siasa. Mandela alikuwa amekwisha kukaa gerezani zaidi ya miaka 20. Alikuwa na mke, watoto na wajukuu nje. Mlango ulikuwa wazi, naye akakataa kupita. Tarehe 10 Februari 1985 binti yake Zindzi alisoma jibu lake mbele ya umati mkubwa katika uwanja wa mpira kule Soweto. Kwa ufupi jibu lilikuwa hivi: hawezi kupokea uhuru wake peke yake wakati watu wake wamefungwa, na mfungwa hana uwezo wa kufanya mapatano, mapatano hufanywa na watu walio huru.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alipelekwa hospitali mjini Cape Town, akapasuliwa. Waziri wa sheria, Kobie Coetsee, akaja kumtazama kitandani. Aliporudishwa gereza la Pollsmoor, hakurudishwa kwa wenzake. Walter Sisulu, Ahmed Kathrada, Raymond Mhlaba na Andrew Mlangeni walibaki juu, na yeye akawekwa chini peke yake. Wenzake walikasirika na kutaka kulalamika. Mandela akawaambia waache. Alikuwa ameona jambo: sasa yuko peke yake, anaweza kuanza kuongea na adui bila mtu kumzuia.

Akamwandikia waziri. Hakuwauliza wenzake kwanza. Hakumwuliza Oliver Tambo, rafiki yake na kiongozi wa ANC, aliyekuwa uhamishoni. Alijua kwamba akiwauliza watakataa, na neno litakufa kabla ya kuzaliwa. Yule aliyefundishwa kukaa nyuma ya kundi, hapo aliliacha kundi na kutangulia usiku peke yake.

Alipowaambia baadaye, hawakupokea kwa namna moja. Sisulu hakukataa mazungumzo, lakini angependa serikali ndiyo ianze. Mhlaba aliona kwamba wamekawia. Kathrada alikataa, aliona kwamba kuanza kuongea ni kama kupiga magoti. Tambo naye alituma neno la kuuliza anaongea nini na watu hawa. Mandela akajibu kwamba anatafuta jambo moja, yaani kuwakutanisha viongozi wa ANC na serikali.

Je, alifanya vema, au aliwasaliti wenzake?

VIPIMO VITATU

Mtu anaweza kusema, "Alifanya vema kwa sababu alifaulu." Jibu hilo halitoshi kwa Mkristo. Mwizi naye hufaulu. Tena, siku ile ya 1985 hakuna aliyejua mwisho wake. Tunatafuta kipimo ambacho mtu anaweza kukitumia asubuhi, kabla hajajua jioni italeta nini. Tunaona vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza: nani anapata faida, na nani analipa? Tazameni milango ile miwili. Mlango wa Februari ulikuwa na faida kwake na hasara kwa watu wake, akaufunga. Mlango wa Novemba ulikuwa na faida kwa watu wake na hatari kwake mwenyewe, akaufungua. Alifikiri hata kwamba, mambo yakiharibika, chama kitaweza kusema mzee alikuwa amefungwa peke yake, hakujua mambo ya nje, hakuongea kwa jina letu. Yaani alikuwa tayari jina lake lichafuke ili kundi libaki safi. Mtu anayetangulia namna hiyo hawaburuzi watu. Anakwenda kupima mto kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kuwavusha watoto.

Hapa tunamkumbuka Papa Simon Kimbangu. Mwezi wa Juni 1921 askari wa mkoloni walikuja Nkamba kumkamata, naye akaondoka mikononi mwao. Kwa miezi mitatu walimtafuta, na waaminifu walimficha. Tarehe 12 Septemba akarudi Nkamba kwa hiari yake, akajitoa, akawakataza watu kuinua mkono. Nani kati ya waaminifu wale angekubali kama angeulizwa? Lakini gharama ilikuwa juu ya mwili wake: tribinali ya kijeshi, hukumu ya kifo ya tarehe 3 Oktoba, ambayo mfalme Albert wa Ubelgiji aliigeuza kuwa kifungo cha maisha, viboko 120, na kupelekwa mbali na mke na watoto. Alitangulia kwenye mateso, na siyo kwenye meza ya chakula. Nabii Ezekieli, sura ya 34, anawakemea wachungaji wanaojilisha wenyewe. Hao nao hutangulia, lakini hutangulia kwenye sahani.

Kipimo cha pili: je, anarudi kwa watu, na anakubali kukataliwa? Mandela hakutia sahihi mapatano yoyote gerezani kwa jina la chama. Alifungua mlango, kisha akawaita wenzake waingie na kuamua pamoja. Hata alipokuwa na heshima kubwa duniani, alikubali kushindwa katika mkutano. Mwaka wa 1993, walipokuwa wakitengeneza uchaguzi wa kwanza wa watu wote, alitaka hata vijana wa miaka 14 wapige kura. Wenzake wakakataa, naye akanyamaza na kufuata neno lao. Kiongozi ambaye hajawahi kushindwa katika mkutano wake mwenyewe ni mtu wa kuogopwa. Ama watu wake hawafikiri, ama hawathubutu.

Kipimo cha tatu: je, anajua kuondoka? Mandela aliapishwa kuwa rais tarehe 10 Mei 1994. Sheria ilimruhusu kuomba tena. Mwezi wa Juni 1999, baada ya miaka mitano, akampa Thabo Mbeki kiti na kwenda nyumbani. Sisi wana wa Kongo tuna sababu ya kulifikiri hili kwa machozi. Tarehe 4 Mei 1997 Mandela alikaa katika meli ya jeshi la Afrika Kusini, Outeniqua, bandarini Pointe-Noire, katikati ya Mobutu aliyekuwa mgonjwa na Laurent-Désiré Kabila aliyekuwa akikaribia Kinshasa na jeshi lake. Alijaribu kuwapatanisha ili damu isimwagike, ikashindikana. Siku 13 baadaye Kinshasa ikaanguka. Katika meli ile walikutana watu wa namna mbili: mmoja aliyeshika kiti karibu miaka 32 na hakujua namna ya kukiachia, na mwingine aliyekuwa na miaka mitatu tu katika kiti na alikwisha kusema kwamba hataomba tena. Wote wawili waliitwa baba wa taifa.

SIKU WATU WALIPOKATAA KUSIKIA

Tusifikiri kwamba kutangulia huleta matunda kila mara. Tarehe 25 Februari 1990, wiki mbili tu baada ya kutoka gerezani, Mandela alisimama Durban mbele ya watu zaidi ya 100,000. Katika jimbo lile Weusi walikuwa wakiuana wao kwa wao, watu wa ANC na watu wa Inkatha. Akawaambia wachukue bunduki zao, visu vyao na mapanga yao, wavitupe baharini. Hawakuvitupa. Vita iliendelea na maelfu wakafa. Hata hivyo alisema lililopaswa kusemwa, mbele ya watu wake mwenyewe, waliokuja kumshangilia. Ni rahisi kumkemea adui. Kumkemea anayekupigia makofi ni kazi nyingine.

Mara nyingine walisikia. Tarehe 10 Aprili 1993, Jumamosi kabla ya Pasaka, Chris Hani, kiongozi aliyependwa sana na vijana, aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake na Mzungu aliyekuja kutoka Polandi. Nchi nzima ilikuwa kama petroli inayongoja kiberiti. De Klerk alikuwa bado rais, lakini aliyeongea na taifa kwa televisheni ni Mandela. Akasema ukweli wote kwa pamoja: muuaji ni Mzungu aliyejaa chuki, na aliyesaidia akamatwe ni mwanamke Mzungu, Kaburu, aliyeshika namba ya gari lake. Hakuuficha ubaya wala hakuuficha wema. Kulikuwa na fujo na vifo, lakini vita ya rangi haikuanza. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Aprili 1994, Weusi na Wazungu walisimama katika mstari mmoja wa kura. Tarehe hiyo ya 27 Aprili ni ile ile ambayo mwaka wa 1959 Mama Marie Muilu alipumzika, baada ya kulitunza kanisa katika miaka ya kufichama. Hatusemi kuna fumbo hapo. Tunasema tu kwamba sisi tunayo sababu ya kutoisahau.

AMBAYO HATUYAFUNIKI

Ndugu msomaji atauliza: je, Mandela hakushika silaha? Alishika. Baada ya polisi kuwaua watu 69 pale Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, na chama chake kupigwa marufuku, alikuwa mmoja wa walioanzisha Umkhonto we Sizwe mwaka wa 1961. Kiongozi wa ANC wakati ule, Albert Luthuli, Mkristo aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka wa 1960, alishika njia ya kutotumia nguvu. Kanisa letu linajua ni njia gani Papa alituachia, na hatuibadilishi kwa sababu ya jina kubwa la mtu. Lakini tusimhukumu upesi yeye aliyeona watoto wakipigwa risasi mgongoni. Tuangalie pia kwamba silaha hazikumfunga: mwaka wa 1990 chama chake kilizisimamisha, na aliyekuwa mbele katika kuongea alikuwa yeye.

Mwingine atasema: alisamehe upesi mno. Ni kweli kwamba mtu anaweza kusamehe deni lake mwenyewe, lakini hawezi kusamehe deni la jirani. Mandela alipokula pamoja na Percy Yutar, mwendesha mashtaka aliyetaka afungwe, au alipokwenda Orania mwaka wa 1995 kunywa chai na mjane wa Verwoerd, alikuwa akitoa kilicho chake. Lakini Tume ya Ukweli na Upatanisho ilipopewa uwezo wa kuwasamehe wauaji waliosema ukweli wote, familia ya Steve Biko ilikwenda mahakamani mwaka wa 1996 kupinga. Ilishindwa kwa sheria. Kwa moyo, nani atawaambia wanyamaze? Hapo kiongozi alitangulia mahali ambapo kondoo wengine hawakuweza kufika, na mchungaji mwema hawasukumi kwa fimbo. Anarudi na kukaa nao.

Tena kuna siku alipokaa nyuma wakati alipopaswa kutangulia. Alipokuwa rais, ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa ukienea, naye alisema kidogo sana juu yake. Baadaye aliukiri upungufu huo na kuupiga vita ugonjwa kwa nguvu zake zote. Mwezi wa Januari 2005 mwanawe Makgatho alipofariki, baba alisimama mbele ya dunia na kusema wazi kwamba ugonjwa ulikuwa ni huo, ili familia nyingine ziache kuficha. Basi kukaa nyuma siyo unyenyekevu kila mara. Mara nyingine ni kunyamaza wakati watu wanakufa.

TUSHIKE NINI?

Sasa tunaweza kujibu lile swali. Mafundisho ya mababu na mafundisho ya Injili hayagombani. Katika mambo ya kila siku, ya kugawa, ya kuchagua, ya kupanga, mchungaji akae nyuma, asikilize hadi jua lizame. Siku ya hatari, siku ya aibu, siku ya kulipa, atoke mbele, na asingoje kuombwa. Ubaya wa viongozi wengi ni kwamba wamegeuza mambo haya: siku ya kugawa wako mbele, na siku ya kulipa wako nyuma.

Jambo hili halihusu marais tu. Baba anayeuza kiwanja bila kumwambia mama wa watoto, akasema, "Mimi ndimi kichwa cha nyumba," ajiulize: fedha zile zimekwenda wapi? Zikilipa hospitali ya mtoto, mama atauliza kwa nini hakuambiwa, nao watapatana. Zikiishia mifukoni mwake, basi ukichwa wake ni wizi. Mkubwa wa parokia anayetangaza siku ya nsinsani, awe wa kwanza kuweka, na awe wa mwisho kushika hesabu bila mashahidi. Mkubwa wa waimbaji, wa wapiga filimbi au wa fanfari, ambaye kwa miaka mingi hajawahi kusikia neno "hapana" kutoka kwa vijana wake, awaulize kwa upole wanaogopa nini. Na yule ambaye nafasi yake imekuwa kama shamba la urithi, aanze leo kumfundisha atakayemfuata.

Nasi tunaoongozwa, tuna kazi yetu. Walio Durban walimshangilia mtu na kukataa neno lake. Tusifanye hivyo kwa wachungaji wetu, kuwabeba kwa nyimbo na kuacha mafundisho mlangoni. Tumekabidhiwa Upendo, Amri na Kazi. Upendo humfundisha kiongozi kukaa nyuma na kusikiliza, Amri humkumbusha kwamba naye yuko chini ya sheria, na Kazi humsukuma mbele siku ambayo mzigo ni mzito.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awape viongozi wetu masikio, na awape miguu. Amina.